Kipya Kinyemi, na ya Kale Nayo Yalikuwa Mapya

Waliosema kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda walikuwa wazee, na waliosema kwamba ya kale ni dhahabu walikuwa wazee vilevile. Sijapata kukutana na kijana aliyetunga methali juu ya jambo hili. Vijana huliacha litusumbue sisi, nao wakaendelea na kazi zao. Leo, msomaji mpendwa, nataka kukiri kosa nililolitenda kwa kuwa na methali moja kichwani na kuisahau ya pili.

Katika likizo ya Aprili mwaka wa 2025, binti wa dada yangu alinijia hapa nyumbani, Kianyaga, akiwa amekumbatia daftari. Mvua ya masika ilikuwa imeuficha Mlima Kenya kwa siku kadhaa, na barabara ya kuelekea kwenye mashamba ya chai ilikuwa matope matupu. Binti huyo alikuwa Gredi ya 9, mmoja wa kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, na mwaka huohuo walitakiwa kuchagua mkondo ambao wangeufuata katika sekondari pevu. Mikondo ni mitatu: ule wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; ule wa Sayansi za Jamii; na ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwetu sisi watu wa milimani, mjomba ni mtu wa kuheshimiwa, na mjomba aliyewahi kushika chaki huheshimiwa maradufu. Alikuja kutafuta neno langu kabla ya kuliambia taifa neno lake.

Nilifungua daftari. Kurasa za mbele zilikuwa za Hisabati, na kuanzia katikati zilikuwa za michoro. Alikuwa amechora kwa kalamu ya wino na penseli za rangi wasichana wenye macho mapana kama vidimbwi, nywele zilizochorwa uzi mmoja mmoja, mikunjo ya nguo iliyofuata upepo usioonekana. Kwenye ukurasa mmoja msichana wa namna hiyo alikuwa amesimama kati ya michai, kikapu mgongoni, jua likipenya majani. Ilikuwa michoro ya mtindo wa vibonzo vya Kijapani vya miaka hii, vile ambavyo dunia nzima imezoea kuviita anime, na ambavyo vijana wetu huvitazama kwenye simu usiku wakati sisi tunadhani wamelala.

Nikamwambia hivi, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu yamenirudia mara nyingi tangu siku hiyo: “Hii michoro ya siku hizi haina roho. Macho yamejaa taa, nywele zimejaa upepo, lakini mtu mwenyewe hayumo. Ungeona vibonzo vya Kijapani vya zamani zetu! Mistari ilikuwa mistari, na rangi zilikuwa rangi.”

Akajibu, “Sawa, Mjomba,” akalifunga daftari lake.

Sharti nieleze zamani hizo nilizozisifia. Mwaka wa 1991, nikiwa darasa la tano, marehemu baba yangu alikuwa na duka dogo hapa sokoni Kianyaga. Nyuma ya duka hilo palikuwa na chumba chenye umeme, na ndani yake runinga ya inchi 14. Jamaa yetu mmoja aliyefanya kazi Nairobi alikuwa akija likizoni na mashine ya video na kanda tatu nne zilizokwaruzika. Moja ya kanda hizo ilikuwa ya simba watano wa chuma, kila mmoja akiendeshwa na rubani wake, ambao walipozidiwa vitani waliungana wakawa shujaa mmoja mrefu kama mnara. Jina la kibonzo hicho lilikuwa Voltron. Kwa kuwa kilizungumza Kiingereza, sisi tuliamini kilikuwa kazi ya Wamarekani. Baadaye sana nilijua kwamba kilichorwa Japani, kikaonyeshwa huko mwaka wa 1981 kwa jina la GoLion, kisha Wamarekani wakakinunua, wakakikatakata na kukitia sauti zao, nacho kikaonekana kwao mwaka wa 1984.

Tulikuwa watoto kumi na zaidi kwenye chumba kile, tumekalia magunia. Ulipofika wakati wa simba kuungana, hakuna aliyepumua. Miguu iliungana na kiwiliwili, mikono ikafuata, kichwa kikainuka, upanga ukachomoza. Tuliusubiri wakati huo katika kila sehemu ya hadithi kama waumini wanavyoisubiri baraka ya mwisho. Nilikua nikiwa na imani kwamba hakuna mchoro uliowahi kuufikia ule kwa uzuri, na imani hiyo ndiyo niliyomtwika binti wa watu.

Jioni ya siku ileile, wakati wa chakula, nilirudia sifa zangu mbele ya mama yake. Nikaeleza simba mwekundu, simba wa kijani, wa buluu, wa manjano, na yule mweusi aliyekuwa kiwiliwili. Nikasema rangi za namna ile hazipatikani tena. Mpwa wangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu mchana, akaniuliza kwa adabu yote: “Mjomba, runinga ya Guka si ilikuwa ya nyeusi na nyeupe?”

Dada yangu alicheka hadi akaweka kijiko chini. Mimi sikucheka. Runinga ile ipo hadi leo stoo, imefunikwa kwa gunia, na kwa hakika haikuwahi kuonyesha rangi hata siku moja. Simba wote watano walikuwa wa kijivu. Nilikumbuka, kana kwamba nimemwagiwa maji, jinsi tulivyogombana hadi kupigana ngumi juu ya yupi alikuwa mwekundu. Rangi nilizozisifu kwa miaka zaidi ya 30 tulizitia wenyewe, sisi watoto wa magunia.

Aibu ni mwalimu mkali. Tangu jioni hiyo nilianza kusoma na kutazama, nipate kujua hasa nilikuwa nikitetea nini. Na niliyoyapata, msomaji, ningependa tuyagawane, maana najua si mimi peke yangu niliye na runinga ya kijivu iliyojaa rangi.

Vibonzo vya zamani vilitengenezwa hivi. Mchoraji alichora kwa penseli kwenye karatasi. Mchoro huo ulinakiliwa kwenye jani la plastiki angavu, mistari ikawa upande wa mbele, na mpaka rangi akapaka rangi upande wa nyuma ili brashi isiiharibu mistari. Jani hilo lililazwa juu ya mandhari iliyochorwa kwa rangi za maji mazito: mlima, anga, chumba, mtaa. Kamera iliyoning'inia juu yake ikapiga picha moja. Jani likaondolewa, jingine likalazwa, picha ya pili ikapigwa. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde moja. Filamu ya Akira, iliyoongozwa na Katsuhiro Otomo na kutoka mwaka wa 1988, ilihitaji majani zaidi ya 160,000 ya namna hiyo. Ile ya Princess Mononoke, kazi ya Hayao Miyazaki ya mwaka wa 1997, ilihitaji takriban 144,000, ingawa tarakilishi nayo ilikuwa imeanza kusaidia katika baadhi ya sehemu zake.

Hizo zilikuwa filamu za fedha nyingi. Vibonzo vya runinga havikuwa na fedha hizo. Osamu Tezuka, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa sanaa hii, alipoanza kukionyesha kibonzo chake cha Astro Boy katika runinga ya Japani tarehe 1 Januari 1963, alitakiwa kutoa sehemu mpya kila juma kwa malipo duni. Akapunguza michoro. Badala ya michoro 24 kwa sekunde, mara nyingi ilitumika minane au hata pungufu. Mtu aliposema, mdomo wake ndio uliotikisika, mwili ukabaki kama umegandishwa. Michoro iliyokwisha kutumika iliwekwa akiba ili itumike tena katika sehemu nyingine. Walikuwapo wachoraji waliosema kwamba Tezuka ameiua sanaa ya vibonzo, kwamba hiyo ilikuwa michoro isiyo na uhai. Naam, ni yaleyale niliyomwambia mpwa wangu.

Na wale simba wangu wa kuungana? Tukio lile lilichorwa mara moja, kisha likarudiwa katika kila sehemu kwa sababu kulirudia kulikuwa rahisi kuliko kuchora jipya. Tulichokisubiri kama ibada kilikuwa ubahili wa mwenye kampuni. Hata hivyo sitaki kukidharau. Mwenye kunyimwa hujifunza kuchagua. Mchoraji aliyekuwa na michoro minane tu alilazimika kujua ni minane ipi. Alijua wakati wa kumwacha mtu amesimama kimya, upepo ukitikisa unywele mmoja tu, na mtazamaji akayajaza mengine mwenyewe, kama sisi tulivyozijaza rangi.

Kwa hiyo mapenzi yangu kwa mtindo wa zamani hayajafa, ila sasa nayajua sababu zake. Napenda mistari minene isiyolingana, ambayo ndani yake waona mkono ulipokaza na ulipolegea. Napenda kivuli kilichokatwa kwa ncha kali, upande mmoja giza, upande wa pili nuru, pasipo kubembelezwa. Napenda vumbi lililonaswa na kamera, na rangi iliyotofautiana kidogo kati ya picha na picha kwa kuwa mikebe miwili haikukorogwa sawasawa. Hayo yote ni makosa. Fundi wa wakati ule angeyaondoa lau angeweza.

Na siku ilipofika ya kuyaondoa, waliyaondoa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni za Japani zilihamisha upakaji rangi kutoka kwenye plastiki hadi kwenye tarakilishi, na katika miaka michache ya mwanzo wa karne hii zilikuwa zimehama karibu zote. Kibonzo cha Sazae-san, kilichoanza kuonyeshwa mwaka wa 1969, ndicho kilichokuwa cha mwisho runingani kuyaaga majani ya plastiki, mwaka wa 2013. Mistari ikawa myembamba na safi. Rangi zikawa hazina idadi. Nuru ikaweza kumiminwa juu ya picha kama maji. Kamera, ambayo zamani ilining'inia mahali pamoja, ikaweza kuzunguka mtaa na kupanda juu ya paa. Picha yenyewe, iliyokuwa karibu mraba kama runinga ya baba, ikapanuka kuwa kama dirisha la basi.

Nilidhani kwamba hapo ndipo mkono wa binadamu ulipotoka. Mpwa wangu ndiye aliyenisahihisha, ila wakati huo tayari nilikuwa nimechelewa.

Alirudi kwetu likizo ya Agosti. Nikamwuliza alichagua mkondo upi. Akasema ule wa sayansi. Nikafurahi kwa sauti kubwa, maana mjomba gani hapendi kusikia neno hilo? Baadaye, tukiwa peke yetu jikoni, dada yangu aliniambia kwamba binti alikuwa ameazimia kuchagua sanaa. Walikuwa hata wameanza kuulizia shule, kwa kuwa si kila shule inao mkondo huo. Kisha akabadili. Alipoulizwa sababu alijibu tu kwamba Mjomba aliiona michoro yake na hakuipenda.

Nimefundisha kwa miaka mingi. Nimeadhibu, nimekosea kusahihisha, nimesahau majina. Sidhani kama nimewahi kumnyang'anya mtoto kitu kwa sentensi nne.

Nilimwomba anionyeshe chanzo cha michoro ile. Tukaketi barazani, simu ikiwa kati yetu, akaniwekea Violet Evergarden, kibonzo kilichoanza kuonyeshwa mwaka wa 2018. Ni hadithi ya msichana aliyetumikishwa vitani akiwa mtoto, akapoteza mikono yake yote miwili. Anawekewa mikono ya chuma, na kwa mikono hiyo anajifunza kazi ya kuwaandikia watu barua: mama anayekaribia kufa, askari, wapendanao wasiojua kusema. Nilitazama sehemu tatu. Macho yalikuwa mapana, yamejaa taa, kama nilivyosema. Lakini mara hii niliona jinsi vidole vile vya chuma vilivyosita kabla ya kugusa herufi. Mtu alikuwa ameukaa usitaji ule kwa siku nyingi, mchoro baada ya mchoro.

Ndipo mpwa wangu aliponiambia habari za waliokichora. Kampuni yao huitwa Kyoto Animation. Tarehe 18 Julai 2019 mtu mmoja aliingia katika jengo lao akiwa na petroli, akalitia moto. Watu 36 walikufa, wengi wao wakiwa wachoraji, na wengine wengi wakajeruhiwa. Waliobaki walirudi kazini, na filamu ya Violet Evergarden waliyokuwa wakiitengeneza wakaimaliza, ikatoka mwaka wa 2020. “Mjomba,” aliniambia, “hawa wanachora kwanza kwa mkono. Tarakilishi inapaka rangi na kupanga.” Hakulisema kwa ukali. Mimi, niliyesema kwamba mtu mwenyewe hayumo, sikuwa na jibu.

Kulipa deni hilo nilifanya jambo moja nililoliweza. Kabla likizo haijaisha nilimchukua tukapanda matatu hadi Kutus, tukapita Kagio na Sagana, tukafika Murang'a, kwenye Kanisa Kuu la St James and All Martyrs. Ndani yake zimo picha tano kubwa alizozichora ukutani Elimo Njau katika miaka ya mwisho ya 1950, mji huo ukiitwa bado Fort Hall. Njau alizaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro, mwaka wa 1932, akasomea uchoraji Makerere. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Njau alikabidhiwa hadithi ya zamani kuliko zote walizozijua wale waumini, ya Kristo tangu kuzaliwa hadi msalabani, na mtindo wake uliozoeleka makanisani ulikuwa wa Ulaya. Akaiweka hadithi hiyo katika mabonde haya ya kwetu, kati ya watu wenye nyuso kama zetu.

Tulisimama mbele ya kuta zile muda mrefu. Leo tunaziita urithi na turathi. Siku zilipochorwa zilikuwa mtindo mpya kabisa. Nilijiuliza kimoyomoyo: lau ningekuwa muumini wa mwaka ule, niliyelelewa na picha za Kristo mwenye nywele za dhahabu, ningesema nini? Najijua. Ningesema hazina roho.

Aidha, si lazima twende mbali kiasi hicho. Wasomaji wa magazeti ya Kiswahili nchini walilelewa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyechorwa kwa mistari michache tu kwa miongo mingi, na hakuna aliyelalamika kwamba hana misuli. Frank Odoi, Mghana aliyeifanya Nairobi kuwa kwake hadi alipofariki katika ajali ya matatu mwaka wa 2012, alituletea Akokhan, hadithi ya nguvu na uchawi iliyojaa vivuli vizito na miili iliyochorwa kwa wino mwingi. Mwaka wa 2010 likaja jarida la Shujaaz, lenye rangi kali na lugha ya Sheng, na walezi wa Juha Kalulu wakakunja nyuso. Mwaka huohuo vibonzo vya Tinga Tinga Tales, vilivyotengenezewa Nairobi, vilianza kuonyeshwa Uingereza. Wanyama wake walitembezwa kwa tarakilishi, ilhali madoadoa na rangi zao zilitoka kwa Edward Saidi Tingatinga, yule Mtanzania aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao nyepesi. Rangi za baiskeli zilikuwa ndizo rahisi kupatikana. Kila mtindo tunaouita wa kale ulianza na mtu aliyetumia alichokuwa nacho.

Ninalotaka kulisema, basi, ni hili. Kuupenda mtindo wa ujana wako si kosa, na wala sikusudii kuuacha wangu. Kosa ni kuyafanya mapenzi hayo kuwa mizani ya kumpimia mtoto. Mchoro wa mtoto una swali moja tu linalostahili kuulizwa kwanza: je, ametazama? Yule msichana wa kwenye michai alikuwa na kamba ya kikapu iliyokaza kipajini, na shingo yake ilikuwa imeinama kiasi kile hasa ambacho shingo za wanawake wetu huinama wanapobeba mzigo. Hakuna Mjapani aliyemfundisha jambo hilo. Aliliona hapa Kianyaga. Lilikuwa mbele ya macho yangu siku ile ya mvua, nami nikatazama macho mapana tu.

Swali hilo lina uzito zaidi leo kuliko wakati wa baba. Mnamo Machi mwaka wa 2025, majuma machache kabla ya mpwa wangu kuja na daftari lake, dunia ilifurika picha zilizotengenezwa kwa akili unde, watu wakigeuza picha za harusi zao na za mbwa wao ziwe kama michoro ya studio ya Miyazaki. Mtu aliandika neno, mashine ikatoa picha kabla hajameza mate. Miyazaki mwenyewe, katika filamu ya maisha yake iliyoonyeshwa na shirika la utangazaji la NHK mwaka wa 2016, alikuwa ameonyeshwa kiumbe kilichofunzwa kutembea na tarakilishi peke yake, wala hakuificha karaha yake. Picha zile za Machi zilikuwa na mistari niipendayo mimi, vivuli nivipendavyo, mawingu yaleyale ya rangi za maji. Kwa macho ya mpenzi wa mtindo wa zamani, zilikuwa zimetimiza yote. Ila hakuna aliyekuwa ametazama kitu.

Ikiwa mizani yetu ni mtindo, mashine imekwisha kutushinda, kwa maana mtindo ndio iliouiba kwa urahisi kuliko vyote. Mtoto mwenye kalamu ya wino na shingo aliyoiona mwenyewe ndiye aliyebaki na kitu ambacho mashine haina. Na mtoto huyo tunamwambia nini? Sisi tuliosoma katika mfumo wa 8-4-4 miaka ya 1990 tulitahiniwa Sanaa na Ufundi pamoja na Muziki katika mtihani wa darasa la nane. Tulichora, tulifinyanga, tulitia vitambaa rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa mtihanini, na kwa desturi yetu, kisichotahiniwa hakifundishwi. Kizazi kizima kikapita shuleni pasipo kuulizwa kama kimetazama chochote. Sasa mlango umefunguliwa tena, mkondo mzima umetengwa. Wizara imefanya sehemu yake ya kuuandika. Walio mlangoni ni akina sisi, wazazi na wajomba, na mlinzi wa mlango akiwa mjinga, upana wa mlango haumsaidii mtu.

Ewe mzazi, mtoto akikuletea daftari, usianze na zamani zako. Liangalie kwa muda mrefu kuliko ulivyokusudia. Mwulize alipokiona alichokichora. Kisha, ukipenda, mwonyeshe simba zako.

Mwezi Desemba mwaka wa 2025, kabla hajajiandaa kwenda shule mpya, mpwa wangu aliniachia bahasha. Anasoma mkondo wa sayansi, na ninaamini ataufanya vyema, kwa kuwa anajua kutazama. Ndani ya bahasha mlikuwa na mchoro mmoja. Ni chumba nyuma ya duka. Watoto wamekalia magunia, migongo yao imetuelekea, na mbele yao iko runinga ndogo. Nywele zimechorwa uzi mmoja mmoja, na nuru ya kioo imemiminika juu ya mabega yao kwa mtindo uleule nilioukashifu. Chumba chote kina rangi: magunia ya kahawia, sare za buluu, ukuta wa kijani uliobambuka. Runinga peke yake ndiyo ya kijivu, na ndani yake simba watano.

Chini yake ameandika swali kwa herufi ndogo: “Mjomba, mwekundu ni yupi?”

Nimeutundika ukutani. Jioni huketi mbele yake, nikakagua simba mmoja baada ya mwingine. Hadi leo sijui.